Kapcha Isiyokoma: Historia ya Jaribio la Utu katika Programu ya Barua Pepe

Neno kapcha halimo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na halingeweza kuwamo, kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa hakijazaliwa. Leo ni vigumu kumpata mwalimu au mwanafunzi anayetumia kompyuta asiyekijua, hata kama hana jina lake. Ni lile jaribio linalotutaka tuandike herufi zilizopindapinda, au tubofye picha zote zenye taa za barabarani, au tuweke alama ya vema katika kisanduku ili kukiri kwamba sisi si roboti. Katika makala hii tutaliita kapcha, kwa kulitohoa tu, ingawa baadhi ya wenzetu idarani wanapendelea jaribio la utu. Suala hilo la istilahi tutaligusia baadaye.

Linalotushughulisha hapa ni hali moja mahususi. Mtu ana programu ya barua pepe katika kompyuta yake, tuseme Thunderbird au Outlook. Anaingiza anwani na neno la siri. Dirisha dogo linafunguka na kapcha inajitokeza. Anaijibu sawasawa. Dirisha linapepesa, kapcha nyingine inakuja. Anaijibu nayo. Inakuja ya tatu, ya nne, ya kumi. Hakuna ujumbe unaosema amekosa, wala unaosema amepata. Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alikaa siku mbili katika hali hiyo, ilhali ripoti ya mtahini wake wa nje ilikuwa imeshafika katika sanduku lake la barua na siku ya kuwasilisha masahihisho inakaribia. Fundi aliyemwendea alimwambia kwamba haziangalii picha vizuri.

Maoni yetu ni kwamba fundi yule alikosea. Mara nyingi kapcha isiyokoma haimaanishi kwamba mtu ameshindwa mtihani. Ni dalili ya mikondo miwili ya historia iliyokutana ndani ya dirisha dogo lisilotunza kumbukumbu. Mkondo mmoja ni wa barua, mwingine ni wa jaribio lenyewe. Asiyeijua historia hii ataendelea kubofya picha hadi usiku wa manane.

Mkondo wa barua

Barua pepe ni kongwe kuliko wavuti. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN ya Marekani, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine na akaichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Mwaka 1982 Jonathan Postel alichapisha itifaki ya SMTP, yaani kanuni za jinsi seva moja inavyoikabidhi nyingine barua. Mwaka 1984 ikaja POP, ya kuchukulia barua kutoka kwenye seva, na mwaka 1986 Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, akabuni IMAP, inayoziacha barua kwenye seva na kumwezesha mtu kuzisoma kutoka mashine zaidi ya moja.

Msomaji azingatie jambo moja kuhusu itifaki hizi, maana hoja yetu imejengwa juu yake. Ni mazungumzo ya maandishi matupu yanayofuata utaratibu uliopangwa. Programu inataja jina, seva inaitikia. Programu inatoa neno la siri, seva inakubali au inakataa. Hamna mahali pa picha, wala pa swali ambalo halikutarajiwa. Ni kama maamkizi yetu: shikamoo ina marahaba yake, na mtu akiamkiwa shikamoo halafu akajibu kwa kuuliza bei ya nazi, mazungumzo yamekwama hapo hapo.

Kwetu Afrika Mashariki programu ya barua ilipendwa kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kamili kufika, barua pepe zilisafiri kwa mtandao wa Fido, ambao Tom Jennings aliuanzisha Marekani mwaka 1984. Barua zilikusanywa, zikafungwa pamoja, kisha zikatumwa kwa mkupuo kupitia laini ya simu ya kawaida. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo cha namna hiyo. Baadaye ikaja intaneti ya setilaiti, iliyokuwa ghali na ya polepole, na hali hiyo ikaendelea hadi nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipotia nanga mwaka 2009. Watu wa rika letu walijifunza kuunga mtandao, kupakua barua, kukata, kisha kusoma na kujibu bila haraka nje ya mtandao. Tabia hiyo haijatutoka, na hatuoni kwa nini itutoke. Mtandao ukikatika, mwenye programu bado anazo barua zake za miaka kumi na mitano, pamoja na sura za tasnifu alizosahihisha. Mwenye kutegemea kivinjari peke yake ana ukurasa mweupe.

Mkondo wa jaribio

Alan Turing alichapisha makala yake mashuhuri katika jarida la Mind mwaka 1950. Humo alipendekeza mchezo ambao binadamu anauliza maswali kwa maandishi, na kazi yake ni kubaini yupi kati ya wanaomjibu ni mashine. Mwamuzi katika mchezo wa Turing ni mtu. Kapcha imeugeuza mchezo huo juu chini: mwamuzi ni mashine, na anayesailiwa ni mtu.

Haja ya kuugeuza ililetwa na walaghai. Barua taka ya kwanza inayojulikana ilitumwa mwaka 1978 na Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kampuni ya Digital, kwenda kwa mamia ya watumiaji wa mtandao wa ARPANET. Lakini wakati ule anwani zilikuwa chache na wenyewe walifahamiana. Mambo yaliharibika pale barua za bure za wavuti zilipoanza, Hotmail mwaka 1996 na Yahoo mwaka 1997. Mtu mmoja mwenye programu ndogo aliweza kufungua maelfu ya anwani kwa usiku mmoja na kuzitumia kumwaga taka.

Moni Naor wa Israel alikuwa ameliandika wazo la kumtambua binadamu kwa jaribio la aina hii mwaka 1996. Mwaka 1997 mtambo wa kutafuta wa AltaVista ulipata adha ya programu zilizokuwa zikiuandikisha utitiri wa anwani za kurasa, na Andrei Broder na wenzake wakatengeneza picha za herufi zilizopotoshwa ambazo jicho la mtu liliweza kuzisoma ilhali mashine za wakati ule zilishindwa. Mwaka 2000 Yahoo ilipeleka kilio chake cha anwani za bandia katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na Manuel Blum pamoja na mwanafunzi wake Luis von Ahn wakaunda majaribio yao, mojawapo likiitwa Gimpy. Jina CAPTCHA ni kifupisho chao. Kwa Kiswahili tungesema ni jaribio la Turing la hadharani, linalojiendesha lenyewe kikamilifu, la kuwatenga watu na kompyuta. Makala waliyoichapisha mwaka 2003 pamoja na Nicholas Hopper na John Langford ndiyo iliyolieneza.

Kwa hiyo kapcha, kwa sehemu kubwa, ilikuzwa kwa ajili ya barua pepe. Ililelewa, hata hivyo, katika ukurasa wa wavuti, mahali penye picha na vitufe. Haikuwahi kufundishwa lugha ya SMTP wala ya IMAP.

Mbio za paka na panya zilianza mapema. Mwaka huo huo wa 2003 Greg Mori na Jitendra Malik walionyesha kwamba kompyuta iliweza kuisoma aina nyepesi ya Gimpy kwa kiwango cha asilimia 92. Herufi zikapindishwa zaidi, na watu wakaanza kuumia macho. Mwaka 2007 von Ahn na wenzake walitoa reCAPTCHA, ambayo kwa walimu wa lugha ina mvuto wa pekee. Mtumiaji alipewa maneno mawili, moja ambalo mashine ilikuwa inalijua na jingine kutoka katika kitabu au gazeti la zamani ambalo mashine ilishindwa kulisoma. Kwa njia hiyo nyaraka za zamani za gazeti la New York Times zilinakiliwa neno kwa neno na mamilioni ya watu waliodhani wanafungua tu akaunti. Kazi ya mhariri wa miswada imefanywa bila mshahara na bila hata shukrani! Google iliinunua reCAPTCHA Septemba 2009, na kufikia 2012 watu walikuwa wakisomeshwa namba za nyumba zilizopigwa picha mitaani.

Mwaka 2014 watafiti wa Google wenyewe walieleza kwamba mashine yao ilizisoma herufi ngumu kabisa kwa usahihi wa asilimia 99.8. Jaribio la kusoma lilikuwa limekufa. Desemba ya mwaka huo kikaletwa kisanduku cha kukana uroboti, na hapa ndipo historia inapogeuka kwa namna inayotuhusu. Tangu hapo swali la msingi si picha. Picha huletwa pale tu mashine inapokuwa na shaka. Kinachopimwa kwanza ni nyayo: kivinjari gani kinatumika, anwani gani ya mtandao, mtu amewahi kufika hapa, na je, ana vile vikumbusho vidogo viitwavyo vidakuzi ambavyo ukurasa humwachia ili umtambue akirudi.

Mahali mikondo ilipokutana

Gmail ilizinduliwa Aprili 2004. Novemba mwaka huo iliruhusu barua zichukuliwe kwa POP, na Oktoba 2007 kwa IMAP. Papo hapo tatizo likajitokeza. Seva ilipomshuku mtumiaji mpya ilitaka kumpa kapcha, lakini aliyekuwa mlangoni ni programu ya barua, inayozungumza maandishi matupu. Seva haikuwa na njia ya kumwonyesha picha. Ikawa inalikataa neno la siri ingawa ni sahihi, na programu, kwa kutojua la kufanya, ikawa inamwomba mtumiaji neno la siri tena na tena. Huyo ndiye babu wa kapcha isiyokoma. Dawa iliyotolewa na Google ilikuwa ukurasa wa pembeni katika kivinjari, ambako mtu alikwenda kujifungulia mlango, kisha akarudi mbio kwenye programu yake ndani ya dakika chache kabla mlango haujafungwa tena. Waliojua ukurasa huo walisifiwa kama waganga.

Suluhisho la kudumu lilitarajiwa kuwa OAuth 2.0, kanuni iliyochapishwa Oktoba 2012. Kwa kanuni hii programu ya barua haishiki tena neno la siri. Inafungua ukurasa wa kampuni husika, mtu anaingia mwenyewe humo, na kampuni inaipa programu hati ya ruhusa. Google iliacha kupokea neno la siri la kawaida kutoka katika programu za barua kwa akaunti za watu binafsi tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilianza kuufunga mlango huo kwa taasisi Oktoba 2022, na kwa akaunti za Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024.

Hivyo programu ya barua ililazimika kubeba tumboni mwake kivinjari kidogo cha kuonyeshea ukurasa wa kuingilia, na kapcha ikaingia nacho. Hatari hii haikufichika. Waraka wa viwango wa Oktoba 2017 unaoitwa RFC 8252 ulishauri wazi kwamba programu zifungue kivinjari halisi cha mtumiaji, si dirisha lililopachikwa ndani, kwa sababu za usalama na kwa sababu kivinjari halisi tayari kina kumbukumbu ya mtumiaji. Programu nyingi hazikuwahi kuufuata ushauri huo kikamilifu.

Kwa nini haikomi

Tuchukue mfano wa lango. Mgeni anahojiwa na mlinzi, anajibu vizuri, anaandikiwa cheti ili aoneshe ofisi ya ndani. Anakitia mfukoni, lakini mfuko umetoboka. Akifika ndani hana cheti, anarudishwa langoni, na mlinzi, ambaye hamkumbuki, anaanza kumhoji upya. Ahojiwe mara mia, atajibu sawa mara mia na kurudishwa mara mia. Cheti ni kidakuzi, na mfuko uliotoboka ni dirisha dogo la programu ya barua lililokatazwa kutunza vidakuzi.

Kwa sababu hiyo, mahali pa kwanza pa kutazama ni mipangilio ya faragha ya programu yenyewe. Katika Thunderbird kuna kisanduku cha kuruhusu vidakuzi kutoka kwenye tovuti, nacho hakitegemei kabisa mipangilio ya Firefox au kivinjari kingine kilichomo katika kompyuta hiyo. Wengi hukizima kwa nia njema ya kujilinda, halafu hushangaa. Mwanafunzi tuliyemtaja alikuwa amekizima. Kilipowashwa, kapcha ilimjia mara moja tu na barua zikashuka.

Kama vidakuzi vimeruhusiwa na hali ni ile ile, tazama hati ya ruhusa ya zamani. Programu huihifadhi pamoja na maneno ya siri. Katika Thunderbird huonekana kwenye orodha ya maneno ya siri yaliyohifadhiwa, na jina lake huanza kwa oauth. Hati iliyobatilishwa, kwa mfano baada ya mtu kubadilisha neno la siri, huweza kuivuruga safari nzima. Ifute, funga programu, ifungue, uingie upya. Wala usiongeze akaunti ile ile mara ya pili kwa kukata tamaa, maana utakuwa na vurugu mbili.

Saa ya kompyuta nayo haipewi heshima yake. Katika maabara zetu kuna mashine kuukuu ambazo betri ndogo ya saa imekufa, na umeme ukikatika zinarudi miaka mingi nyuma. Mashine inayoamini kwamba mwaka huu ni 2009 itazikataa hati za usalama za seva, kwa sababu kwake ni hati ambazo bado hazijaanza kutumika. Sahihisha tarehe kabla ya kufanya lolote jingine. Kasi ya mtandao pia ina mchango: jibu la reCAPTCHA linadumu kwa dakika mbili na linatumika mara moja tu, kwa hiyo mtandao unaosuasua huweza kulifikisha likiwa limeshaoza.

Kuna sababu nyingine ambayo mtumiaji hana hatia nayo hata chembe. Chuo kizima mara nyingi hutoka kwenda ulimwenguni kwa anwani moja ya mtandao. Kompyuta moja yenye virusi katika bweni ikimwaga taka, anwani hiyo inatiwa doa, na mhadhiri aliye ofisini anahojiwa kama mshukiwa. Hapa kubofya picha hakusaidii. Jaribu kuunga kwa simu ya mkononi kwa dakika tano za kuingia tu; ukipita, tatizo ni anwani ya chuo na anayestahili kuelezwa ni msimamizi wa mtandao. Kadhalika, anayetumia VPN aizime wakati wa kuingia.

Programu isiyosasishwa ni tatizo lenyewe. Baadhi ya programu za zamani zilijengewa dirisha la injini ya Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft ilikistaafisha Juni 2022, na kapcha za siku hizi haziwezi kukamilika humo. Hapo hakuna mipangilio ya kurekebisha. Ni kuleta toleo jipya.

Utu wa nani?

Turudi kwenye istilahi. Waliopendekeza jaribio la utu walivutiwa na tamko lake zuri, nasi tumeliazima katika kichwa cha makala hii, lakini tuna wasiwasi nalo. Utu katika Kiswahili si hali ya kuwa na mwili wa binadamu, ni mwenendo. Mtu anaweza kuwa binadamu na tukasema hana utu. Kapcha haipimi utu, na siku hizi hata ubinadamu inaupima kwa shida. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichunguza biashara ya kuwalipa watu maskini wawajibie walaghai kapcha, na wakakuta kapcha 1,000 zinauzwa kwa dola moja hivi. Mwaka 2023 utafiti mwingine, wa Irvine katika jimbo hilo hilo, ulithibitisha kwamba roboti zinazijibu kapcha haraka na kwa usahihi kuliko watu. Wasioona walikuwa wameshasemewa tangu mwaka 2005, pale shirika la viwango vya wavuti la W3C lilipotoa waraka kuhusu jinsi kapcha zinavyowafungia nje. Kuna kapcha za sauti, ni kweli, lakini mwanafunzi asiyeona ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne anaposikilizishwa maneno ya Kiingereza yaliyotiwa makelele makusudi, hatuoni kwamba amefunguliwa mlango.

Hata picha zina uraia. Bomba jekundu la zimamoto kando ya barabara na basi la shule la rangi ya manjano ni vitu vya mtaa wa Marekani. Mwanafunzi wa Gulu au Bujumbura amevijua kupitia sinema. Anaulizwa kama ni mtu, na kipimo ni mtaa ambao hajawahi kuukanyaga. Basi tuseme kapcha, neno lisilo na ahadi kubwa, mpaka BAKITA au wengine watupe lililo bora.

Kwa aliyekwama leo na ana tarehe ya mwisho, kuna njia mbili za kukwepa. Google na Yahoo zina neno la siri la programu, ambalo hutengenezwa katika mipangilio ya akaunti kwa kutumia kivinjari, kisha huandikwa katika programu ya barua badala ya neno la kawaida. La Google lina herufi 16 na linahitaji kwanza kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Kwa kuwa linapita kwa IMAP ya kale, dirisha dogo halifunguki na kapcha haina pa kutokea. Kwa Outlook.com njia hii imezibwa tangu Septemba 2024. Njia ya pili ni kuiacha programu kwa siku hiyo, kuingia kwa kivinjari cha kawaida, kupakua ripoti ya mtahini na kuendelea na masahihisho. Programu itashughulikiwa baada ya tasnifu kuwasilishwa.